Mgeni Amelala Wundanyi: Asubuhi Aende Wapi?

Mtu anayekodi nyumba Wundanyi, Werugha, Bura au Sagalla kwa mapumziko ya wikendi halipii kitanda peke yake. Kitanda kizuri angekipata huko huko Mombasa au Nairobi alikotoka. Anafuata baridi ya mlimani, ukimya wa usiku na mahali pa kwenda mchana. Hilo la tatu ndilo ambalo wenye nyumba hulisahau. Mgeni hukabidhiwa funguo, nenosiri la intaneti na namba ya kulipia, kisha huachwa aulize simu yake. Nayo simu humpeleka Tsavo. Akirudi jioni anadhani ameona kila kitu cha Taita Taveta, na Jumapili saa tatu asubuhi tayari yuko barabarani kuelekea nyumbani.

Usiku wa kwanza humlipa mwenye nyumba. Siku ya pili humlipa mama mboga, kijana wa bodaboda, muuza samaki wa Taveta, mwongozaji wa msituni na mwenye hoteli ndogo ya chapati na maharagwe. Ndiyo maana swali la mgeni aende wapi si la mwenye nyumba pekee.

Makala haya yanaeleza yaliyo karibu, muda yanaochukua kwa barabara zetu zilivyo, na mambo ambayo mgeni anapaswa kuambiwa kabla hajawasha gari. Mengine ni ya starehe tu. Mengine, kama yale ya Ziwa Chala na ya ndovu barabarani, ni ya uhai.

Mahitaji ya kwanza

Mgeni kutoka mjini huja akiamini kwamba duka, benki na petroli viko kila kona. Aambiwe mapema kwamba petroli, benki na dawa viko Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, na kwamba kati ya miji hiyo asitegemee kupata. Anayekwenda Taveta kutoka milimani ajaze tangi Mwatate. Vibanda vijijini vinauza sukari, unga, mayai na vocha za simu, na karibu vyote vinapokea M-Pesa, lakini mtandao ukikatika mlimani, noti chache mfukoni humwokoa mtu.

Hospitali kubwa ya kaunti, Moi, iko Voi. Walio Wundanyi na viunga vyake wako karibu na Hospitali ya Wesu, iliyo mlimani juu ya mji. Mwatate na Taveta nako kuna hospitali za kaunti ndogo. Majina hayo manne yabandikwe ukutani pamoja na namba ya dereva anayeweza kuitwa usiku. Mgeni aliyeumwa na nyoka au ambaye mtoto wake amepandwa na homa saa nane za usiku hana nafasi ya kutafuta ramani. Kuhusu nyoka, ushauri ni ule ule wa siku zote: tochi na viatu kila anapotoka nje gizani, na akiumwa asifunge kamba, asichanje, asisubiri asubuhi. Apelekwe hospitali.

Jambo jingine dogo ambalo wageni wengi halikuwajia akilini ni nguo. Mji wa Voi una joto la nyika. Wundanyi, umbali usiofika saa moja na nusu kwa gari, watu huvaa sweta. Mwezi wa Julai na Agosti ukungu hushuka hadi barabarani, na mtoto aliyeletwa na fulana za pwani hutetemeka. Blanketi la ziada kwenye kabati halina gharama kubwa, na mgeni hulikumbuka kuliko picha za ukutani.

Siku ya mlimani

Siku ya kwanza yafaa iwe ya milima yenyewe, kwa sababu mgeni bado amechoka na safari na hakuna haja ya kuamka alfajiri. Milima ya Taita ni ncha ya kaskazini kabisa ya Milima ya Tao la Mashariki, safu ya milima ya kale inayoanzia huku na kwenda hadi kusini mwa Tanzania. Kwa sababu milima hii imesimama peke yake katikati ya nyika kavu kwa muda mrefu mno, imezaa viumbe ambavyo havipatikani popote pengine duniani. Apalisi wa Taita, ndege mdogo anayetoshea kiganjani, anaishi katika vipande vichache vya msitu hapa tu, na yuko katika hatari kubwa ya kutoweka. Hata shambani kuna ajabu: mkulima wa Wundanyi akichimba udongo wenye unyevu huweza kufukua kitu anachodhani ni nyungunyungu, kumbe ni mnyama wa ukoo wa vyura asiye na miguu, ambaye wanasayansi wamempa jina la Taita, Boulengerula taitana.

Msitu wa kumpeleka mgeni ni Ngangao. Si mkubwa, uko kwenye hekta 120 hivi, na hilo ndilo linalomshangaza mtu akishajua thamani yake. Miti ya asili ni mirefu, njia zake zinapitika kwa mguu, na saa mbili au tatu zinatosha. Barabara ya kufika huko kutoka Wundanyi haijawa laini kote, na wakati wa mvua gari dogo hukwama. Bodaboda au gari lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne lafaa zaidi. Mgeni asiingie peke yake. Mwongozaji mwenyeji anajua ndege kwa sauti, jambo ambalo macho ya mgeni hayawezi, na malipo yake hubaki kijijini. Bei isemwe kabla ya kuanza kutembea, si baada ya hapo, ili pasiwe na uso wa kununa mwisho wa njia.

Kitu kimoja huwapata wageni bila kutarajia. Tangu Juni 5, 2020 ni marufuku kuingia na plastiki za kutumiwa mara moja katika mbuga za kitaifa, misitu na maeneo mengine yaliyohifadhiwa. Chupa ya maji ya dukani, sahani za karatasi ya plastiki, vijiko na mirija vyote vimo. Mwenye nyumba mwerevu huweka chupa mbili tatu za chuma au za kujazwa tena jikoni na kumruhusu mgeni aazime.

Anayependa kupanda apande Vuria, kilele cha juu kuliko vyote katika milima hii, mita 2,208 juu ya usawa wa bahari. Minara ya mawasiliano iliyo juu inaonekana kutoka mbali, hivyo hakuna anayepotea mwelekeo. Asubuhi isiyo na mawingu Kilimanjaro huonekana upande wa magharibi na nyika ya Tsavo ikiwa imetandazwa chini kama mkeka. Mgeni aambiwe ukweli: ikifika saa nne mawingu yameshafunga, na aliyelala mno huona weupe mtupu.

Mapango ya mafuvu

Wageni wengi wamesikia kwamba Taita kuna mapango ya mafuvu ya watu, na huuliza kwa sauti ya mtu anayetafuta mambo ya kutisha. Hapa mwenye nyumba ana kazi ya kueleza vizuri.

Zamani Wadawida walizika wafu wao kisha, baada ya muda, fuvu la mzee lilifukuliwa kwa heshima na kupelekwa kwenye pango la ukoo, likawekwa pamoja na ya waliomtangulia. Pango hilo lilikuwa mahali pa kuzungumza na wazee: kukikosekana mvua, kukiwa na ugonjwa usioelezeka au ugomvi katika ukoo, watu walikwenda huko. Ukristo ulipoenea desturi hiyo ilikoma, lakini mafuvu mengi yangali palepale. Kwa hiyo yale si maonyesho. Ni makaburi ya watu ambao wajukuu wao wako hai, wanalima mashamba yaliyo chini ya mwamba huo huo.

Kufika kunawezekana, kwa taratibu. Mgeni apelekwe na mwenyeji anayejulikana na ukoo wenye pango, ruhusa iombwe kwanza, na mzee anayefungua njia apewe kilichokubaliwa. Fuvu haliguswi wala halisogezwi ili picha itoke vizuri. Kama mzee amesema hakuna picha, basi hakuna. Mgeni asiyekubali masharti hayo ni afadhali apelekwe sokoni.

Vivyo hivyo kwa fighi, vile vichaka vitakatifu vilivyoachwa bila kukatwa ili vilinde kijiji. Kwa macho ya mgeni fighi ni kichaka tu chenye kivuli kizuri cha kulia chakula. Bila kuambiwa hatajua.

Jioni ya siku hiyo ya mlimani inamalizwa vyema kwa chakula cha hapa. Kimanga, yaani mihogo na maharagwe yaliyopikwa na kupondwa pamoja, hakipatikani kwenye hoteli za Mombasa, na mgeni akiagiza asubuhi, mpishi wa kijijini humwandalia kufikia jioni. Mboga za Wundanyi ndizo hizo hizo zinazopelekwa masoko ya pwani. Tofauti ni kwamba hapa zimechumwa leo.

Barabara ya Taveta na vita vya 1914

Siku ya pili, au ya tatu kwa mwenye bahati, ni ya barabara ya kutoka Mwatate kwenda Taveta. Ni lami, na kwa mwendo wa kawaida inachukua kama saa moja na nusu bila kusimama. Lakini kutosimama ni hasara. Huenda hakuna barabara nyingine Kenya ambayo ina historia nyingi kiasi hiki kando yake na vibao vichache kiasi hiki vya kuieleza.

Bura iko mwanzoni. Misheni ya Kikatoliki ya hapo ilianzishwa mwaka 1892 na ni kati ya zile kongwe kabisa bara. Kahawa nayo ilipandwa Bura mwishoni mwa karne hiyo, kabla watu hawajaihusisha na Kiambu au Nyeri. Mbele kidogo ni hifadhi ya Taita Hills, yenye ile hoteli ya Salt Lick iliyojengwa juu ya nguzo ili wanyama wapite chini yake. Mgeni ambaye hana uwezo wa kulala hapo anaweza kuuliza bei ya chakula cha mchana. Inayofuata ni Lumo, hifadhi ya jamii, ambayo jina lake limetokana na ranchi tatu: Lualenyi, Mramba na Oza.

Kuanzia Maktau barabara inaingia kwenye uwanja wa vita. Agosti 15, 1914, siku chache tu baada ya Uingereza na Ujerumani kuanza kupigana huko Ulaya, majeshi ya Wajerumani yalivuka kutoka Moshi na kuiteka Taveta. Waliikalia kwa muda wa mwaka mmoja na nusu. Waingereza nao walijichimbia Maktau na kujenga reli kutoka Voi kuelekea magharibi, hatua kwa hatua, kwa sababu nyika hii haina maji na jeshi haliwezi kupigana bila maji. Mtu anayesimama Mbuyuni saa saba mchana akiwa na kiu anaelewa vita hivyo kuliko aliyesoma kitabu.

Kilima cha Salaita kinaonekana kutoka barabarani kabla ya kufika Taveta. Ni kidogo, na mgeni huuliza kama ndicho chenyewe. Ndicho. Februari 12, 1916 askari wa miguu wa Afrika Kusini walikishambulia wakiamini kitaanguka upesi, wakarudishwa nyuma na askari wa upande wa Wajerumani, wengi wao Waafrika. Mwezi uliofuata, chini ya Jenerali Smuts, majeshi ya Waingereza yalikizunguka, Wajerumani wakaondoka, na mapigano makali yakahamia vilima vya Latema na Reata nyuma ya Taveta. Karibu na Salaita upo mbuyu ambao wenyeji husema alijificha mdunguaji wa Kijerumani, na wengine husema alikuwa mwanamke. Hadithi ni tamu; ushahidi wake ni haba. Isimuliwe kama hadithi.

Makaburi ya vita yako Voi, Maktau na Taveta, yakitunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Kuingia ni bure. Maktau walizikwa Wahindi. Voi amezikwa Wilbur Dartnell, luteni aliyezaliwa Australia na kupewa nishani ya Victoria Cross baada ya kuuawa karibu na Maktau Septemba 1915, alipokataa kuwaacha majeruhi wake. Mgeni akitembea kati ya mawe hayo yaliyopangwa kwa mstari ajiulize pia wako wapi wapagazi. Maelfu kwa maelfu ya Waafrika walibeba risasi, unga na maji katika vita hivi, na wengi walikufa kwa kuhara, malaria na uchovu. Wengi wao hawana jiwe.

Ziwa Chala, Ziwa Jipe na soko la Taveta

Taveta ifikiwe Jumatano au Jumamosi, siku za soko. Ndizi hujaa hadi nje ya soko, pamoja na vitunguu, nyanya na nguo kutoka pande zote mbili za mpaka. Mwenye nyumba amwambie mgeni aache nafasi kwenye buti ya gari.

Kutoka mjini hadi Ziwa Chala ni mwendo wa nusu saa hivi. Ni ziwa la shimo la volkano, kwenye miteremko ya chini ya Kilimanjaro, na mpaka wa Kenya na Tanzania unapita katikati ya maji yake. Hakuna mto unaoonekana ukiingia. Sehemu kubwa ya maji hutoka chini ya ardhi, kutoka mlimani. Rangi yake hubadilika na mwanga, kutoka buluu hadi kijani cha chupa. Ndani yake mna aina ya tilapia isiyopatikana ziwa jingine lolote. Kwa uzuri huenda hakuna kinacholishinda katika kaunti nzima.

Ndiyo sababu lazima lisemwe waziwazi: hakuna kuogelea Ziwa Chala. Maji yanaonekana safi na matulivu, na mtu yeyote atakayempa mgeni moyo wa kujitosa anamdanganya. Mwaka 2002 msichana wa miaka 18 kutoka Uingereza aliyekuwa akiogelea upande wa Kenya aliuawa na mamba. Walikuwa wameambiwa, kama wengi walivyokuwa wakiambiwa wakati huo, kwamba ziwa halina hatari. Zaidi ya mamba, kuta za shimo ni mwinuko mkali na njia ya kushukia ni changarawe inayoteleza. Wazee, watoto na wenye kandambili watazame kutoka juu, ambako hata hivyo ndiko mandhari yalipo. Ujumbe huu uandikwe kwenye karatasi ya nyumba kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mgeni.

Ziwa Jipe ni tofauti kabisa: la kina kifupi, lenye matete mengi, viboko na ndege wa majini, na milima ya Pare ikilitazama kutoka ng'ambo ya Tanzania. Wavuvi huweza kumzungusha mgeni kwa mtumbwi. Viboko wapo, kwa hiyo nahodha ndiye anayeamua mahali pa kwenda, si mwenye kamera. Kwa kuwa barabara ya Jipe ni ya vumbi na huchosha, Chala na Jipe kwa siku moja hubana. Achague moja.

Huko mpakani simu hushika mtandao wa Tanzania bila kubisha hodi, na salio huisha kabla mtu hajajua. Mgeni azime huduma ya mitandao ya nje anapokaribia Taveta. Na mtu asiahidiwe Moshi kama matembezi ya mchana. Kituo cha mpakani cha Taveta na Holili kinahudumia nchi zote mbili mahali pamoja, lakini hati za kusafiria na karatasi za gari lazima ziwe zimeandaliwa tangu nyumbani.

Kurudi kabla ya giza

Sehemu ya barabara ya Taveta inapita ndani ya Tsavo Magharibi. Kwa jumla mbuga za Tsavo zimechukua kama asilimia 62 ya eneo la kaunti hii, kwa hiyo wanyama hawakai kando ya maisha yetu. Sisi ndio tumekaa kati yao. Ndovu huvuka lami saa yoyote, hasa kuanzia magharibi. Ngozi yake imejaa vumbi jekundu la hapa na usiku haionekani hadi gari limeshafika.

Mgeni aliyekula samaki Taveta aondoke saa tisa, na ikizidi sana saa kumi alasiri. Akimkuta ndovu barabarani asimame mbali, asipige honi, asimmulike kwa taa kali, asishuke kupiga picha. Asubiri. Ndovu akishavuka pengine wako wengine nyuma, na mara nyingi ni ndama na mama yake. Yale yanayosemwa na madereva wa matatu za Taveta kuhusu kusubiri ni mafunzo bora kuliko kibao chochote.

Tsavo yenyewe

Mbuga zipo mbili, kila moja na malango na ada yake, na wageni huzichanganya. Kwa aliyelala Wundanyi, lango la Voi la Tsavo Mashariki ndilo jepesi kulifikia. Atoke nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili awe langoni linapofunguliwa saa kumi na mbili. Bwawa la Aruba, lililojengwa mwaka 1952, linafikika asubuhi hiyo hiyo, na wakati wa ukame wanyama hulifuata. Ada hulipwa kielektroniki, langoni hapapokewi pesa taslimu, na raia hulipa ya raia akionyesha kitambulisho. Kwa kuwa viwango hubadilishwa, mwenye nyumba asiandike ada kwenye karatasi yake. Aandike kwamba mgeni aangalie viwango vya Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, usiku wa kabla ya safari.

Tsavo Magharibi, kupitia lango la Maktau, ni ya mtu mwenye siku nzima. Kivutio chake ni chemchemi za Mzima: maji ya mvua iliyonyesha Chyulu, yakachujwa na miamba ya volkano, yakaibuka katikati ya nyika kwa zaidi ya lita milioni 200 kila siku. Kuna chumba cha kioo kilichozamishwa majini ambamo mtu hutazama samaki na, akiwa na subira, viboko wakitembea chini ya maji. Sehemu ya maji hayo hupelekwa kwa bomba hadi Mombasa, kwa hiyo mgeni wa Nyali au Likoni huenda anatazama maji ya bombani kwao.

Kuna atakayeuliza kuhusu simba wawili waliokula wajenzi wa reli mtoni Tsavo mwaka 1898. Aelezwe kwamba wako kwenye jumba la makumbusho mjini Chicago, wamekaushwa.

Kwa aliyekodi upande wa Voi

Mlima Sagalla uko karibu na mji wa Voi, na misheni ya Waanglikana ilifika huko mwaka 1883. Kinachowavutia wageni siku hizi ni uzio wa nyuki. Wakulima walioshirikiana na shirika la Save the Elephants wamezungushia mashamba mizinga iliyounganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Ndovu huogopa nyuki. Asali inayovunwa huuzwa, na chupa moja ya asali hiyo ni zawadi inayosimulia kisa chake yenyewe.

Kasigau ni mbali zaidi, kwa kuchepuka Maungu kwenye barabara kuu ya Mombasa. Wanawake wa vijiji vinavyouzunguka mlima husuka vikapu vya mkonge, na anayenunua mkononi mwa msukaji hulipa kazi yote bila dalali. Vijiji hivyo vina kumbukumbu nzito: Agosti 1915 Waingereza waliwashuku watu wa Kasigau kuwa waliwasaidia Wajerumani, wakawahamisha kwa nguvu hadi Malindi, na wengi walifia huko. Waliobaki walirudi miaka mingi baadaye. Mgeni akimkuta mzee anayependa kuzungumza, aweke simu chini asikilize.

Mgeni anayeletewa vito njiani, vya kijani hasa, asinunue. Tsavorite imepewa jina lake kutokana na Tsavo na inachimbwa hapa kweli, lakini biashara ya madini inahitaji leseni, na kipande cha chupa kilichosagwa hung'aa vilevile juani.

Yanayomhusu mwenye nyumba

Kupangisha nyumba kwa wageni wa siku ni biashara. Inahitaji kibali cha biashara cha kaunti, na malazi ya watalii yako pia chini ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii kwa mujibu wa Sheria ya Utalii ya 2011. Maelezo ya kibali cha kaunti yanapatikana katika ofisi za mapato za kaunti ndogo. Nyumba isiyo na kibali hujikuta pabaya siku mgeni anapoumia na watu wa bima wanapoanza kuuliza maswali.

Karatasi ya mgeni isizidi kurasa mbili. Iwe na hospitali, dereva, mwongozaji, siku za soko za karibu, muda wa kufika kila mahali kwa saa, onyo la Chala, onyo la giza, na kituo cha KWS kilicho jirani. Waongozaji na madereva waulizwe kwanza kama wanakubali namba zao ziandikwe. Karatasi isomwe upya kila mwanzo wa masika na wa vuli, maana barabara ya Machi si ya Julai, na njia iliyoandikwa kwamba inapitika inaweza kuwa mfereji.

Iseme pia takataka zinapelekwa wapi. Nyani na tumbili wa milimani hufungua mfuko wowote ulioachwa nje usiku, na jirani ndiye anayeokota nepi asubuhi. Pipa lenye mfuniko mzito, likiwekwa ndani ya uzio, linatosha. Na maji: mwishoni mwa kiangazi tangi la nyumba za mlimani hujaa polepole, kwa hiyo mgeni aambiwe kiasi kilichomo siku anayofika, si siku bomba linapokauka akiwa na sabuni kichwani.